Ekografi Ngapi kwa Mimba ya Kawaida? Hoja ya Kipimo Kimoja kwa Wakati Wake

Mhadhara wa umma, Koni, Likasi



Swali la leo linaulizwa kila siku ya kliniki ya wajawazito (CPN): mimba yangu haina tatizo, nifanye ekografi mara ngapi? Majibu wanayopewa mama zetu hayafanani. Mmoja anaambiwa arudi kila mwezi, wa pili anaambiwa tatu kwa sababu ndivyo Wafaransa wanavyofanya, na wa tatu anafika kwenye uchungu bila kuona mashine hiyo hata mara moja. Jibu nitakalolitetea ni fupi. Mimba ya kawaida inahitaji ekografi moja, kabla ya wiki 24 kutimia, na kila nyingine itakayofuata iwe na sababu ambayo mganga anaweza kumtajia mama. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2016, na mwaka 2022 likapitia ushahidi upya na kubaki palepale. Hata hivyo, siwaombi mkubali kwa kuwa shirika hilo limesema. Nawaomba mpime ushahidi wenyewe.

Kwanza tuondoe hofu moja. Watu wa Likasi wana haki ya kuogopa mionzi, maana Shinkolobwe haiko mbali, na huko ndiko kulikotoka sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya atomu ya Marekani. Lakini ekografi haitumii mionzi ya aina hiyo, wala ile ya radiografi. Inatumia sauti. Sikio la binadamu linasikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo hutoa mitetemo ya mamilioni. Sauti hiyo inaingia mwilini, inagonga pale mfupa, nyama na maji vinapokutana, kisha sehemu yake inarudi, na mashine inageuza mwangwi huo kuwa picha. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza kazi yao ya kwanza juu ya njia hii mwaka 1958. Tangu wakati huo, matumizi ya kitabibu yaliyofanywa kwa kiasi hayajaonyesha madhara kwa mtoto. Kwa hiyo ninapotetea kipimo kimoja, sababu yangu si hatari ya mashine.

Sababu yangu ni kwamba thamani ya ekografi inategemea zaidi wiki inapofanyika kuliko idadi yake. Kazi yake kubwa katika mimba isiyo na tatizo ni kutaja umri wa mimba. Katika miezi mitatu ya kwanza, mpimaji anapima urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi matakoni, na jibu linakosea kwa siku tano hadi saba tu. Kipimo hichohicho kikisubiri miezi mitatu ya mwisho, kosa linaweza kufika wiki tatu au zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja na wa miaka miwili unawatofautisha kwa jicho, lakini kijana wa miaka 17 na wa 18 kimo hakikwambii nani mkubwa. Tumboni ni hivyohivyo: mwanzoni watoto wote hukua karibu sawa, baadaye kila mmoja anafuata maumbile na lishe yake. Ndiyo maana mama anayepimwa kwa mara ya kwanza akiwa na miezi minane, na mtoto akaonekana mdogo, anamwacha mkunga njia panda. Je, mtoto amedumaa, au mimba ni changa kuliko ilivyodhaniwa? Hata mashine bora haiwezi kujibu swali hilo siku hiyo, kwa sababu hakuna tarehe ya kulinganisha.

Tarehe hiyo si jambo la karatasi. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, la kuwapa deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, mama waliodhaniwa kukaribia kujifungua njiti. Umri wa mimba ulikadiriwa zaidi kwa hedhi ya mwisho na kwa kupima tumbo. Wengi wa waliopewa dawa hawakujifungua wale watoto wadogo waliolengwa, na kwa ujumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka badala ya kupungua. Mwaka 2020 yakaja matokeo ya jaribio jingine la Shirika la Afya Duniani katika hospitali za nchi tano, Kenya na Nigeria zikiwemo, ambapo umri wa mimba ulithibitishwa kwa ekografi. Dawa ilikuwa ileile. Safari hii vifo vya watoto wachanga vilikuwa 19.6% kwa waliopewa dawa na 23.5% kwa wasiopewa. Ni kweli kwamba hospitali za jaribio la pili zilikuwa na huduma bora, na sehemu ya tofauti inatoka huko. Hata hivyo, hakuna mganga anayeweza kumpa dawa hii kwa usalama mama ambaye wiki zake hazijulikani.

Kipimo hichohicho cha mapema kinaonyesha mapacha, na kinaeleza vizuri kuliko cha baadaye kama wanashiriki kondo moja. Kikifanyika kati ya wiki 18 na 22, kinaonyesha pia kasoro nyingi za maumbile, kama mgongo wazi. Hapa Haut-Katanga jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2020 watafiti, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walichapisha uchunguzi uliolinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro mjini Lubumbashi na watoto 108 wasio nazo. Uwezekano wa kasoro ulikuwa takriban mara tano na nusu zaidi pale baba alipofanya kazi zinazohusiana na madini. Idadi ya watoto hao ni ndogo, kwa hiyo kiasi chenyewe kisichukuliwe kama neno la mwisho. Wapo watakaosema kwamba eneo la migodi linahitaji basi ekografi nyingi zaidi. Mimi naona linahitaji ile moja isiyokosa wakati wake. Ekografi inaona mgongo wazi, haiuzuii. Asidi foliki, ikianza kabla ya mimba na katika wiki za mwanzo, ndiyo inayopunguza hatari yake, na vumbi la mgodi linadhibitiwa mgodini na kwenye nguo za kazi zinazoletwa nyumbani.

Sasa nisikilize pingamizi kubwa. Ufaransa inafanya tatu, karibu na wiki ya 12, ya 22 na ya 32. Je, kumwambia mama wa Koni kwamba moja inatosha si kumpa huduma ya maskini? Ingekuwa hivyo kama zile za ziada zingeokoa maisha. Uholanzi ilijaribu: mama zaidi ya 13,000 wenye mimba za kawaida, baadhi wakiongezewa ekografi mbili katika miezi mitatu ya mwisho. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba watoto wadogo waligunduliwa zaidi, 32% badala ya 19%, lakini madhara makubwa kwa watoto hayakupungua. Ikiwa nchi tajiri haikupata faida hiyo, mama wa hapa asione amenyimwa kitu.

Mwingine atanigeuzia hoja: jaribio la Marekani la mwaka 1993, lenye mama zaidi ya 15,000, halikuona faida kwa mtoto hata katika kundi ambalo kila mama alipimwa. Basi kwa nini hata hiyo moja? Jibu limo katika namna mama hao walivyochaguliwa. Wasiokuwa na hakika na hedhi yao ya mwisho hawakuingizwa. Faida ya tarehe ilikuwa imetolewa kabla jaribio halijaanza. Kwetu, ambako wengi hufika CPN mimba imekwisha kuonekana na tarehe zinakisiwa, faida hiyo ndiyo kubwa kuliko zote.

Lakini ushahidi ulio mzito zaidi kwetu umetoka pia nchini mwetu. Jaribio lililofanyika Kongo, Kenya, Zambia, Guatemala na Pakistan, na kuchapishwa mwaka 2018, lilipeleka ekografi za kawaida kwenye vituo vya vijijini. Vifo na madhara makubwa kwa mama na watoto havikupungua, wala mama wengi zaidi hawakwenda kujifungua hospitalini. Hili linatuonya tusiiabudu mashine. Uchunguzi wa kitaifa wa Kongo wa 2013–2014 ulikadiria vifo 846 vya mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mama hao hufa hasa kwa kutoka damu, presha na kifafa cha mimba, na maambukizi. Presha inaonekana kwenye kipima presha, upungufu wa damu kwenye tone la damu, malaria inakingwa kwa vidonge. Kutoka damu baada ya kujifungua kunahitaji mkunga, oksitosini na damu ya kuongezewa. Mama aliyelipia ekografi tano kisha akakosa nauli ya kwenda kujifungulia hospitali amenunua picha na kukosa huduma.

Pingamizi la mwisho ni la haki: mimba ya kawaida leo yaweza isiwe ya kawaida kesho. Ndiyo, na hapo hesabu yangu inakoma. Damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, presha ikipanda, tumbo lisipolingana na wiki, wakiwa mapacha, au mama akiwa na kovu la upasuaji, ekografi nyingine ni wajibu. Kondo lililoonekana chini kwenye wiki ya 20 lipimwe tena kuelekea wiki ya 32, maana mara nyingi huwa limepanda. Na mama anayefika wiki 24 zimepita bila kupimwa asirudishwe. Apimwe, ajulikane mtoto amelalaje, ni wangapi, na kondo liko wapi.

Kutokana na hayo yote, Koni na zone za afya za Likasi zifanye nini? Maji ya mto Lufira yamekuwa yakizalisha umeme hapa Koni tangu 1950, na kule Mwadingusha tangu 1930, kwa ajili ya migodi kwanza. Migodi nayo ina deni kwetu: sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kila kampuni itenge angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Wawakilishi wetu wadai kutoka fungu hilo mashine ndogo za kubebeka zenye betri, mafunzo kwa wakunga watakaozitumia, na fundi wa kuzitengeneza, pamoja na kipima presha kinachofanya kazi katika kila kituo. Wakunga waandike tarehe iliyopatikana kwenye kadi ya CPN, juu kabisa, ili kila atakayempokea mama baadaye aifuate. Na wanaume waliomo humu watoe pesa ya safari ya kwanza mimba ikiwa na miezi mitatu, wasisubiri mwezi wa saba. Mama akiambiwa arudi kwa ekografi ya pili, aulize bila woga: inatafuta nini, na jibu lake litabadili nini katika matibabu yangu? Mganga mwenye sababu atamjibu kwa sentensi moja. Asipokuwa nayo, pesa hiyo mama aiweke kwa siku ya kujifungua.