Kuanza na Waliobaki

Tarehe 14 Novemba 1970 ndege ilianguka karibu na Huntington, Marekani. Wote 75 waliokuwamo walikufa, wakiwamo wachezaji wengi wa Chuo Kikuu cha Marshall. Wengine walitaka timu ivunjwe. Lakini mwalimu mpya, Jack Lengyel, aliwakusanya waliobaki, akawaongezea vijana wa mwaka wa kwanza kwa ruhusa maalum, wakafanya mazoezi. Msimu wa 1971 walishinda mara 2 tu, lakini walicheza.

Nasi tumewazika wazee waliobeba kanisa letu. Je, tufunge milango? Nehemia alijenga ukuta pamoja na watu waliosalia. Tusiwaambie vijana wangoje. Tuwakabidhi kazi leo, tukiwaongoza kwa upole hata wakishindwa.

Bwana atutie nguvu. Amina.