Fonie ya mnada na pesa ya watu

Tuseme familia tatu zimechanga pesa, kijana wao akanunua fonie iliyotumika kwenye mnada wa intaneti. Imefika kwa treni kutoka Lubumbashi: inasikia, haisemi. Mara anaitwa mwizi, na kabila lake linatajwa. Ngojeni kwanza! Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 inasema muuzaji anajibu kwa kasoro iliyofichika, hata kama hakuijua, isipokuwa walipatana vingine. Kasoro ambayo mnunuzi angeiona mwenyewe, hapana. Basi chifu, acha kabila. Omba maneno ya tangazo, omba risiti, uliza nani alikuwepo katoni ilipofunguliwa. Na fundi aijaribu kwa kusema, si kwa kusikiliza tu.