Popo, pori na vita

Wapendwa ndugu mliokimbia vita, nanyi wakubwa wa Kirumba,

Ebola iliyotangazwa Mangina, upande wa Beni, tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2,287 mpaka Juni 2020. Wataalamu wanawashuku popo wa porini. Nyani na paa nao hufa nayo, na damu yao humwambukiza anayewachuna. Lakini mama aliyelala porini na watoto wenye njaa, akaokota mzoga, mtamwita mchawi? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto, wagonjwa wengine wakakimbia.

Wakubwa, mkimbizi akija na homa msimfukuze, atarudi porini kulekule. Mwiteni mganga wa kituo cha afya, bila kumgusa mgonjwa. Nanyi ndugu, mkikuta mnyama amekufa, mwacheni palepale, mpeleke habari kwa chifu.