Namba Iliyokaa Miaka 92

Jioni hii nataka kuwaelezeni habari za namba moja tu, nayo ni 4,294,967,297. Mwenye kibao na aiandike upesi, maana nitaitaka tena.

Mwajua kwamba 12 hugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6, bali 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Namba ya namna hiyo huitwa namba tasa. Ikiwa ndogo, kuitambua si kazi. Ikiwa kubwa, huchosha kabisa.

Katika nchi ya Ufaransa alikuwako hakimu wa mji wa Toulouse, jina lake Pierre de Fermat, ambaye alipopata nafasi alipenda sana kuchungua hesabu. Alitazama namba hizi: 2, kisha 2 mara 2, ndiyo 4, 4 mara 4, ndiyo 16, 16 mara 16, ndiyo 256, 256 mara 256, ndiyo 65,536. Kila moja ukiiongeza 1, wapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Fermat aliandika kwamba yu karibu kusadiki kuwa zote zinazofuata ni tasa vile vile, ingawa alikiri kwamba hana uthibitisho.

Ya sita ndiyo ile mliyoiandika. Mtu akitaka kuipima kwa kugawanya tu, yampasa ajaribu namba tasa zote zilizo chini ya 65,536, nazo ni 6,542. Hata wanafunzi wangu, ambao si wavivu, wangalinikimbia.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi Petersburg katika Urusi, alitangaza kwamba namba hii hugawanyika kwa 641. Baadaye akathibitisha jambo zuri mno: namba yo yote inayoweza kuigawanya hii yetu, isipokuwa 1, lazima ipatikane kwa kuzidisha 64 na kisha kuongeza 1. Basi hesabuni: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoeni zisizo tasa. Zimebaki tano tu. Nne za kwanza huacha baki. Ya tano haiachi kitu.

Wala msiliamini neno hili kwa kuwa limesemwa katika redio. Shikeni kalamu: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, mara 1 ni yenyewe. Jumlisheni, mtazame kibao.

Mifano mitano ilimdanganya Fermat. Tangu hapo, kuanzia ya sita hadi ya thelathini na tatu, zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Ya thelathini na nne haijulikani bado, hata kwa mashine za kuhesabu.