KUVUKA BARABARA NI JAMBO LA CHAMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumezoea kukutana kwa habari ya mishahara, saa za kazi na nyumba. Leo naomba tuzungumze juu ya barabara ya lami inayopita vijijini kwetu. Huenda mwenzetu akauliza: barabara na chama wapi na wapi? Jibu ni hili. Mfanyakazi akigongwa na motokaa alfajiri akienda kuanza zamu, mshahara tuliompigania hautamfaa kitu.

Tazameni sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mfanyakazi anayebebwa bure na gari lililotolewa na tajiri kwa kazi hiyo huhesabiwa kuwa yuko kazini. Anayekuja kwa miguu hatajwi katika kifungu hicho. Basi mwenye kutembea ana hatari kubwa na kinga ndogo.

Katika mwaka 2023, na tena mwaka 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani katika Kenya. Kundi kubwa kuliko jingine lolote lilikuwa la waendao kwa miguu. Hao ndio vibarua, wachuuzi na watoto wa shule.

Ndugu zangu, hamjasahau Londiani Junction. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori kubwa lilishindwa kusimama pale, likaingia katika magari na watu waliokuwa kando ya barabara wakiuza na kununua. Watu zaidi ya 50 walikufa. Baadaye Waziri wa Barabara wa wakati ule, Bwana Kipchumba Murkomen, alisema masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Kumwondoa mama muuza viazi kwenye ukingo wa lami kunaweza kumwokoa. Lakini soko likihamia ng'ambo, wateja bado watavuka, na watoto bado watavuka. Lori nalo bado litakuja kwa kasi ile ile, kama hakuna kitu cha kulipunguza.

Kasi ndiyo inayoua. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, breki zake huhitaji mwendo mara nne wa gari la kilomita 50 mpaka lisimame. Sheria ya Kenya inasema mwisho ni kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Lakini kibao peke yake hakishiki gari.

Sasa tuangalie desturi yetu. Mtoto akigongwa, watu hutoka kwa hasira, huziba njia kwa mawe na matairi, na vijana hujenga tuta usiku ule ule. Uchungu huo ni wa haki. Lakini tuta lisilo na rangi wala kibao huangusha mwenye pikipiki gizani, naye pia ni mtoto wa mtu. Siku ya tatu mawe huondolewa, na ofisini haikubaki hata barua moja ya kuonyesha tulitaka nini.

Kwa hiyo nashauri tufanye hivi.

Kwanza, tujue barabara ni ya nani. Barabara kuu za taifa ziko chini ya KeNHA. Barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti. Barua ikipelekwa kwa asiyehusika italala mezani mwaka mzima.

Pili, tuhesabu. Watu wawili wakae na daftari asubuhi na jioni, siku tatu. Waandike wangapi wanavuka, watoto wangapi, na mahali gani hasa. Mkubwa wa ofisi huweza kubishana na kelele. Kubishana na hesabu ni vigumu zaidi.

Tatu, tuseme wazi tunachotaka. Rangi ya pundamilia peke yake haitoshi. Tutake kivuko kilichoinuliwa kama tuta, chenye vibao na taa, na njia ya miguu pande zote mbili. Tukipewa daraja la ngazi, liwe pale watu wanapovukia, si mahali palipomfaa mjenzi. Barabara ya Nairobi hadi Thika ilifunguliwa rasmi mwaka 2012, na baadhi ya madaraja ya waendao kwa miguu yakaja baadaye. Magari yalitangulizwa, watu wakangojeshwa. Sisi tuombe kivuko kabla kazi haijakwisha.

Nne, twende pamoja na kijiji: walimu, wazee, akina mama wa sokoni na vijana wa bodaboda. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 37, inatupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka maombi kwa wakuu, kwa amani na bila silaha. Karani wa chama atusaidie kuandika, na nakala ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Neno moja kwa madereva waliomo humu. Msidhani tunawashitaki. Dereva naye ni mfanyakazi. Akiwekewa hesabu ya kila siku ambayo haipatikani ila kwa kukimbia, tajiri wake ameushika usukani pamoja naye. Basi tunapodai kivuko, tudai pia zamu za haki, mapumziko na breki nzima. Anayevuka na anayeendesha wasigombanishwe. Shida yao ni moja.

Wanachama wenzangu, tajiri wengi hupita kijijini kwetu ndani ya gari, vioo vimefungwa. Hawawezi kujua kuvuka kunavyotisha mpaka tuwaambie. Haba na haba hujaza kibaba: leo daftari, kesho barua, kesho kutwa kivuko. Naomba mkutano huu uchague watu wawili wa kuanza kuhesabu Jumatatu asubuhi.

Umoja ni nguvu.