Wergild: Neno Lililopima Damu ya Mtu

Leo nawaletea neno ambalo hata Waingereza wengi wa sasa hawalijui: wergild. Ni la Kiingereza cha kale, nalo lina vipande viwili. Wer ni mwanamume, gild ni malipo. Sisi Waswahili tungesema dia.

Mtu akiuawa, muuaji na jamaa zake waliwalipa jamaa za marehemu, damu isije ikadai damu nyingine. Mnamo mwaka 600 hivi, Mfalme Æthelberht wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, aliweka sheria ambazo ndizo kongwe kuliko zote zilizobaki katika Kiingereza cha kale. Mtu huru akiuawa, fidia ilikuwa shilingi 100. Naam, shilingi, neno lilelile tulilonalo mfukoni. Na utaratibu wake unasisimua mwili: shilingi 20 zilitolewa pale makaburini, kaburi likiwa bado wazi, na deni lote limalizike kabla ya kupita usiku 40. Muuaji akitoroka nchi, ndugu zake walibeba nusu. Hata kidole gumba kilikuwa na bei yake, shilingi 20. Ukucha wake, shilingi 3.

Naona busara kubwa katika sheria hiyo, kwa sababu ilizikalisha chini koo zilizokuwa tayari zimeshika silaha. Lakini wasikilizaji, tusiifiche sura yake nyingine. Katika ufalme mwingine, Wessex, mkulima huru alipimwa kwa shilingi 200, na bwana mkubwa kwa 1,200. Machozi ya mama wa mkulima yalihesabiwa mara sita chini ya machozi ya mama wa bwana! Naye mtumwa akiuawa, thamani yake alilipwa aliyemmiliki, kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Hiyo ilikuwa dhuluma, hata kama iliandikwa kwa wino wa mfalme.

Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, polepole mauaji yakawa kosa dhidi ya mfalme, si deni kati ya koo, na wergild likafifia.

Kipande chake cha kwanza, hata hivyo, hakikufa. Neno world, yaani ulimwengu, kwa Kiingereza cha kale lilikuwa weorold: wer pamoja na neno la umri. Maana yake ya asili ni zama za watu.