Kosa la Kalamu Hulipwa kwa Jembe



Katika pembe ya kaskazini kabisa ya Scotland, kwenye wilaya za Caithness na Sutherland, iko nchi pana ya majimaji iitwayo Flow Country. Treni itokayo mji wa Inverness hupita huko mara chache kwa siku, na mojawapo ya vituo vyake ni Forsinard, kijiji chenye nyumba za kuhesabika. Mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa 4 usiku. Mwezi wa Desemba giza huingia kabla ya saa 10 alasiri. Upepo hauna kizuizi, mvua haina msimu, na wakati wa joto visubi huwaandama watu kwa makundi. Hata hivyo, kila mwaka wapo watu waachao nyumba zao na kwenda huko kufanya kazi bila mshahara. Na kazi yenyewe humshangaza aisikiaye kwa mara ya kwanza: watu hawa, waliokwenda kuhifadhi mazingira, wanasaidia kuiondoa miti.

Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu. Imezoeleka kusemwa kwamba kuhifadhi mazingira ni kupanda miti, na kwamba aliyepanda miche mingi zaidi ndiye aliyehifadhi zaidi. Historia ya Flow Country inafundisha vingine.

Ardhi ya huko ni mboji tupu. Mimea midogo laini ya jamii ya kuvumwani, iitwayo sphagnum, huota juu ya maji na kufa hapo hapo. Kwa kuwa maji hayo yana asidi na hayana hewa ya kutosha, mimea hiyo haiozi ikaisha. Tabaka hulala juu ya tabaka, kwa kadiri ya milimita moja hivi kwa mwaka. Mahali pengine kina cha mboji hiyo chafikia mita 10, nayo ni kazi ya maelfu ya miaka tangu kuyeyuka kwa barafu kuu iliyoifunika nchi hiyo. Ndani yake imefungwa kaboni nyingi mno. Mboji ikikauka, kaboni hiyo hurudi angani na kuongeza joto la dunia. Juu yake hutaga vitwitwi na ndege wengine wa majimaji, na baadhi yao, majira ya baridi yakikaribia, huruka hadi pwani za Afrika ya Magharibi.

Kwa vizazi vingi wenyeji waliichimba mboji hiyo kwa kiasi, wakaianika na kuifanya kuni. Nchi haikuharibika. Uharibifu mkubwa ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, na haukuletwa na wavunja sheria. Uliletwa na sheria.

Chini ya utaratibu wa kodi wa Uingereza wa wakati huo, tajiri aliyegharimia upandaji wa misitu aliruhusiwa kuzitoa gharama hizo katika mapato yake yanayotozwa kodi. Juu ya hayo serikali ilitoa ruzuku. Ardhi ya majimaji ilikuwa ya bei rahisi, kwa hiyo fedha za watu wenye mapato makubwa, ambao makao yao yalikuwa mbali na kaskazini, zikamiminika huko. Matrekta yakachimba mifereji mirefu ili kuyatoa maji. Juu ya matuta ikapandwa miti ya jamii ya misonobari iliyotoka pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Katika hesabu za ofisini hayo yalikuwa maendeleo, kwani hekta zilizopandwa ziliongezeka mwaka hata mwaka. Katika ardhi yenyewe, mboji ilikuwa ikikauka na kupasuka, na ndege walikuwa wakihama.

Mwaka 1987 Baraza la Hifadhi ya Maumbile la Uingereza lilitoa taarifa iliyoonyesha hasara hiyo waziwazi. Mwezi wa Machi 1988, katika bajeti yake, Waziri wa Fedha, Nigel Lawson, aliufuta msamaha huo wa kodi. Upandaji wa namna ile ukakoma. Fedha ilipokosa faida, mapenzi ya miti nayo yakaisha.

Lakini mifereji ilikuwa imekwisha kuchimbwa, na miti ilikuwa imekwisha kuota. Mwaka 1995 chama cha kuhifadhi ndege cha Uingereza, RSPB, kilichoundwa mwaka 1889, kilinunua eneo kubwa la Forsinard, na kazi ya kuirudisha nchi katika hali yake ikaanza. Mitambo mizito huiangusha miti na kuziba mifereji mikubwa. Watu wa kujitolea hufanya yale ambayo mtambo hauwezi. Hutembea juu ya ardhi inayodidimia na kung'oa kwa mkono miche iliyojiotea yenyewe kutokana na mbegu zilizopeperushwa na upepo. Huhesabu ndege alfajiri, hupima kina cha maji, hutengeneza njia za mbao, na huwaeleza wageni kwa nini miti inakatwa. Mfereji ukizibwa, maji hupanda. Maji yakipanda, kuvumwani hurudi. Na kuvumwani ikirudi, mboji huanza tena kujijenga, milimita kwa milimita. Kazi hiyo ingali inaendelea. Mwezi wa Julai 2024 Flow Country iliandikishwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia.

Basi na ipimwe gharama ya kosa lile. Uamuzi wa kodi huandikwa kwa muda mfupi, na kuufuta kulihitaji bajeti moja. Lakini kuyaondoa matokeo yake ardhini kumekwisha kuchukua miongo ya miaka, fedha nyingi za umma na za wahisani, na mikono ya watu ambao hawakuhusika hata kidogo na uamuzi huo. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko kaskazini ufa ulichimbwa kwa makusudi, na aliyeuchimba alisamehewa kodi.

Isidhaniwe kwamba kupanda miti ni kosa popote pale. Kusini zaidi katika milima hiyo hiyo ya Scotland lipo bonde la Glen Affric, penye mabaki ya msitu wa kale wa misonobari ya asili uliowahi kuenea katika sehemu kubwa ya nyanda za juu. Tangu mwaka 1989 shirika la Trees for Life, lililoasisiwa na Alan Watson Featherstone, limekuwa likipeleka watu wa kujitolea huko ili kuurudisha msitu huo. Mwaka 2008 shirika hilo lilinunua shamba la Dundreggan, lenye ukubwa wa hekta 4,000 hivi, likaweka kitalu cha miti ya asili. Miti iliyopandwa imekwisha kupita milioni moja. Hapo miti inapandwa mahali ilipokuwapo, nayo ni miti ya nchi hiyo.

Hata hivyo, huko nako kupanda si mwisho wa kazi. Mbwamwitu walikwisha kuangamizwa zamani, na kulungu wekundu waliongezwa na kulindwa na makabaila wa karne ya 19 kwa ajili ya starehe ya kuwinda. Kulungu hao hula kila mche unaochomoza. Kulikuwa na misonobari iliyotoa mbegu kwa zaidi ya miaka mia moja bila mche wake hata mmoja kukua. Mtu wa kujitolea anayepanda miche mahali kama hapo, pasipo uzio na pasipo kupunguza kulungu, amewaandalia kulungu chakula. Katika hifadhi ya Creag Meagaidh, iliyotangazwa mwaka 1986, wahifadhi walichagua kupunguza idadi ya kulungu bila kujenga uzio, na mibetula ikarudi yenyewe mlimani. Mkono wa binadamu ulichohitaji kuondoa ni kizuizi. Msitu ulijua njia.

Hapa linaingia suala la ardhi. Wageni wengi huiita Scotland ya kaskazini nyika, wakidhani kwamba tangu kuumbwa kwake haikuwa na watu. Mtu akipita katika bonde la Strathnaver, Sutherland, huona misingi ya mawe ya nyumba zilizobomoka, kama zile za kijiji cha Rosal. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakulima wadogo waliosema Kigaeli walifukuzwa humo, na nyumba zikachomwa moto, ili ardhi ipangishwe kwa wafugaji wakubwa wa kondoo. Baada ya kondoo wakaja kulungu wa wawindaji. Ukimya unaowavutia wageni ni ukimya wa watu walioondolewa. Na hadi karne hii imekadiriwa kwamba watu wasiofika 500 wanamiliki nusu ya ardhi yote ya Scotland iliyo mikononi mwa watu binafsi.

Kwa hiyo mwenyeji ana haki ya kuuliza: je, mtu wa kujitolea atokaye mjini anairudisha nchi kwa nani? Jibu lililo bora limetolewa na wenyeji wenyewe. Mwaka 1993 wakulima wadogo wa Assynt, magharibi ya Sutherland, walichanga na kuchangiwa fedha, wakainunua ardhi waliyokuwa wapangaji wake. Mara walipokuwa na sauti juu ya ardhi, wakapanda misitu ya miti ya asili. Mwaka 2003 Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya kuzipa jumuiya za vijijini haki ya kwanza ya kununua ardhi yao inapouzwa. Mtu hutunza vizuri zaidi kile ambacho hawezi kufukuzwa kwacho.

Yapo pia maswali kuhusu kujitolea kwenyewe. Katika baadhi ya miradi mwenye kujitolea hulipa sehemu ya gharama za chakula na malazi yake. Asiye na akiba wala likizo hawezi kwenda, hata kama moyo wake ni mkubwa. Tena, kazi ya kujitolea isiyopangwa vizuri yaweza kumnyima ajira kijana wa kijijini ambaye angelipwa kwa kazi ile ile. Mradi mwema humwajiri mwenyeji kwanza, kisha humwita mgeni amsaidie. Huo ndio msaragambo wa kweli, ambao ndani yake kila mtu anajua kazi ni ya nani na mavuno ni ya nani.

Hayo yote hayapunguzi heshima ya watu wale wanaoinama katika mvua ya Forsinard. Wamekubali kutumika katika kazi ambayo hawatauona mwisho wake, maana mboji inayorudi leo itakuwa imepanda kwa upana wa kiganja baada ya karne nzima. Nao wanarudi makwao wakiwa na elimu isiyopatikana kwa kusoma taarifa peke yake: wamegusa kwa mikono yao matokeo ya uamuzi uliofanywa ofisini.

Elimu hiyo ndiyo inayowahusu watumishi wa umma na walimu. Afisa anayeandaa mpango wa ardhi hana budi kuuliza, kabla ya kutia sahihi, ardhi hiyo ni ya aina gani, nani anaishi juu yake, na ni nani atakayefaidika ikiwa idadi ya hekta itapanda katika taarifa. Na mwalimu anapowaongoza wanafunzi kwenda kupanda miti, na awafundishe kwanza kuisoma ardhi: ilikuwa na nini, imepoteza nini, na nini kilisababisha. Mwanafunzi aliyepanda mche mmoja akijua sababu yake amejifunza zaidi ya aliyepanda mia moja kwa amri.

Kujitolea ni tunu. Lakini taifa lolote linaloacha sheria mbaya ziendelee, kisha likawaita watu wema waje kufuta madhara yake, linaitumia tunu hiyo vibaya. Mikono ya watu wa kujitolea ni michache, na jembe ni zito. Heri kalamu itangulie kuwa na busara.